Ndege Iliyombeba Bintiye Mgongoni

Kusini mwa jiji la Seattle, katika jimbo la Washington nchini Marekani, kando ya uwanja ambao wenyeji huuita Boeing Field, kuna ukumbi mkubwa wa vioo uliosheheni ndege. Nyingine zimetundikwa darini kwa nyaya, utadhani ziko safarini bado. Chini yao, katikati ya sakafu, imetulia ndege nyeusi yenye urefu unaozidi mita 30, pua yake bapa imechomoza mbele kama kichwa cha nyoka. Mgeni akizunguka nyuma ndipo huona ajabu yenyewe. Mgongoni, katikati ya mapezi mawili ya mkia, imepandishwa ndege nyingine ndogo, nyeusi vilevile, isiyo na dirisha wala nafasi ya mtu kukaa.

Kubwa huitwa M-21, ndogo D-21. Walioziunda waliteua herufi hizo kwa makusudi: M ni ya neno la Kiingereza lenye maana ya mama, na D ni ya binti. Kwa msomaji aliyekulia mahali ambapo mwana hubebwa kwa mbeleko, picha hiyo haihitaji mkalimani. Mama wa namna hii walitengenezwa wawili tu. Huyu wa Seattle, mwenye namba 60-6940, ndiye pekee aliyebaki duniani. Pacha wake amelala katika vilindi vya bahari ya Pasifiki, na aliyempeleka huko ni binti aliyekuwa amembeba.

Habari yao ilianza na ndege nyingine kabisa. Tarehe 1 Mei 1960, rubani Francis Gary Powers alikuwa akiruka juu ya Urusi ya Kisovieti ndani ya U-2, ndege ya kijasusi iliyopaa zaidi ya kilomita 20 kutoka ardhini. Kwa miaka minne ndege hizo zilikuwa zimepiga picha za viwanda, viwanja vya ndege na vituo vya makombora bila kuguswa. Siku hiyo kombora lilimfikia karibu na mji wa Sverdlovsk. Washington ilitangaza kwamba ndege ya utafiti wa hali ya hewa ilikuwa imepotea njia, kisha kiongozi wa Wasovieti, Nikita Khrushchev, akamtoa Powers mwenyewe, akiwa hai. Aibu ilikuwa kubwa. Rais Eisenhower alisimamisha safari za juu ya anga ya Wasovieti, na Powers alikaa kifungoni hadi Februari 1962, alipobadilishwa na jasusi wa Kisovieti kwenye daraja moja la Berlin.

Wakati Powers anaanguka, mrithi wa U-2 alikuwa tayari mezani. Huko Burbank, California, kampuni ya Lockheed ilikuwa na karakana ya siri iliyojulikana kwa jina la Skunk Works, chini ya mhandisi Clarence Johnson, ambaye kila mtu alimwita Kelly. CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilikuwa imewaagiza waunde A-12, ndege ya kuruka juu kuliko U-2 na kwa zaidi ya mara tatu ya kasi ya sauti. Kwa kasi hiyo mtu angetoka Mombasa na kufika juu ya Nairobi kabla ya dakika nane kwisha.

Inafaa kusimama hapa kidogo, maana M-21 ni A-12 iliyoongezwa kiti na kibebeo, na hakuna anayeweza kuielewa bila kujua taabu waliyopata mafundi wake. Ndege inayokwenda kasi namna ile huchomwa na hewa yenyewe. Ngozi yake hupanda joto kupita nyuzi 260 za Selsiasi, na aluminiamu, chuma cha kawaida cha ndege, hulegea kabla ya kufika huko. Ilibidi sehemu kubwa ya mwili iwe ya titani. Marekani haikuwa na titani ya kutosha ya ubora uliohitajika, na mzalishaji mkubwa alikuwa Urusi ya Kisovieti. CIA ikainunua huko kupitia kampuni za watu wengine, bila muuzaji kujua inakokwenda. Ndivyo ndege iliyokusudiwa kuwachungulia Wasovieti ilivyojengwa, kwa sehemu, kwa madini ya Wasovieti.

Na titani ilikuwa na hulka yake. Vichwa vya bolti vilikuwa vikikatika vikipata joto, na mafundi hawakuona sababu, mpaka walipogundua kwamba spana zao zilikuwa zimepakwa kadimi, na chembe zake zilizobaki kwenye bolti ziliila titani. Kila spana ya namna hiyo ikaondolewa kwenye masanduku ya zana. Paneli za bawa zilizounganishwa majira ya joto ziliharibika mapema, ilhali zile za majira ya baridi zilidumu. Uchunguzi ukaonyesha kwamba mamlaka ya maji ya Burbank iliongeza klorini wakati wa joto ili kuua mwani, na titani ilichukia klorini. Tangu hapo sehemu za ndege zilioshwa kwa maji yaliyotoneshwa. Watu wa Skunk Works husifiwa kwa ubunifu wa michoro, lakini uvumilivu wao ulio mkubwa zaidi ulikuwa huu wa kufuatilia ufa mdogo hadi kwenye bomba la maji la mji.

Mafuta nayo yalikuwa ya pekee, magumu kushika moto kiasi kwamba kemikali maalumu ilidungwa ndani ya injini ili kuyawasha, na kila ilipodungwa ulitokea mwale wa kijani. Tangi zilivuja ndege ikiwa chini, kwa sababu mabamba ya mwili yaliachiwa nafasi ya kutanuka angani. Kuizungusha injini hadi iwake kulihitaji kigari chenye injini mbili za magari ya Buick, zikinguruma pamoja. A-12 ya kwanza iliruka Aprili 1962 kutoka Groom Lake, uwanja uliofichwa katika jangwa la Nevada, ambao siku hizi watu wengi wanaujua kwa jina la Area 51.

Lakini kufikia hapo dunia ilikuwa imebadilika. Baada ya kisa cha Powers, viongozi wa Marekani hawakutaka tena rubani aonekane katika anga ya Moscow, hata awe na kasi gani. Ndege ya ajabu ilikuwa tayari, ila kazi iliyozaliwa kwayo ilikuwa imepigwa marufuku. Skunk Works wakaja na jibu jepesi kulitamka na gumu kulitenda: mwondoe mtu, iache kamera iende peke yake. Oktoba 1962 waliruhusiwa kulifanyia kazi wazo hilo. Tarehe 27 ya mwezi huohuo, Meja Rudolf Anderson aliuawa U-2 yake ilipoangushwa juu ya Cuba, na hoja ya kuwaepusha marubani ikazidi uzito.

Hivyo ndivyo alivyozaliwa binti. D-21 ilikuwa droni, ndege isiyo na rubani, yenye urefu wa mita 13, mabawa yasiyofika mita sita kutoka ncha hadi ncha, na uzito wa tani tano hivi. Ilikusudiwa kuruka kilomita 27 kwenda juu, zaidi ya Kilimanjaro nne zilizopandana, na kusafiri umbali wa takriban kilomita 5,500. Njia yote ilipangwa kabla ya safari na kuhifadhiwa katika chombo cha uongozaji. Ikimaliza kupiga picha ingerudi juu ya bahari, ingeachia sanduku lenye kamera, filamu na chombo chake cha uongozaji, kisha ingejilipua. Sanduku lingeshuka kwa parachuti na kunaswa hewani na ndege ya Hercules, au kuokotwa majini na meli. Adui asingepata kitu, wala rubani wa kusimamisha mahakamani.

Kwa nini basi ilihitaji kubebwa? Sababu ni injini yake. Haikuwa na mapanga ya kusukuma hewa ndani kama injini za ndege za abiria. Ilitegemea mwendo wake wenyewe kuishindilia hewa mdomoni, nao moto ukawaka ndani kama makaa yanayovuviwa na mivukuto ya mhunzi. Ikisimama haina pumzi. Ni lazima kwanza ifikishwe kwenye kasi kubwa, na ndege pekee iliyoweza kuifikisha huko ilikuwa A-12. Mbili za aina hiyo zikaandaliwa kwa kazi hii. Chumba cha kamera kilichokuwa nyuma ya rubani kikawekwa kiti cha pili, cha ofisa wa kuirusha droni. Ili kuepuka mkanganyiko namba 12 ikageuzwa kuwa 21. Mradi wote ukapewa jina la siri Tagboard.

Tarehe 22 Desemba 1964, mama aliruka na binti mgongoni kwa mara ya kwanza, bila kumwachia. Siku hiyohiyo, huko Palmdale, California, iliruka kwa mara ya kwanza SR-71, dada maarufu wa ukoo huu ambaye picha zake zimetapakaa ulimwenguni. Jamaa wawili wa karakana moja walipata siku moja ya heshima, na mmoja tu ndiye aliyejulikana.

Kubeba kuliwezekana. Kuachia ndiko kulikotisha. Ndege inayokwenda mara tatu ya kasi ya sauti huburuta mawimbi makali ya mshindo kutoka puani, mabawani na kwenye kingo za injini. Ukiweka mwili mwingine mgongoni pake, mawimbi ya mmoja humgonga mwenzake na kurudi. Droni ilipaswa kuinuka katikati ya vurumai hiyo na kupita baina ya mapezi mawili huku nafasi ikiwa finyu mno. Majaribio ya mwanzo yalitumia kofia za kufunika pua na mkia wa droni ili kupunguza ukinzani wa hewa. Kofia hizo zilipofyatuliwa zilivunjika vipandevipande na kuikwaruza droni yenyewe, zikaachwa. Ikabidi injini ya binti iwashwe angali mgongoni mwa mama.

Urushaji wa kwanza ulifanyika tarehe 5 Machi 1966, na droni ikaachana na mama salama ingawa haikwenda mbali. Wa pili ulifuata Aprili. Wa tatu, tarehe 16 Juni, ulileta furaha kubwa. Droni ilisafiri karibu kilomita 3,000 ikikata kona zote ilizoelekezwa, ingawa mwishoni sanduku la kamera lilikataa kutoka. Katika safari hizo marubani walikuwa wakiiinamisha ndege kidogo wakati wa kuachia, ili mama azame na binti abaki juu. Safari ya nne ilipangwa kwa namna nyingine. Wangeachia wakiwa wamenyooka, bila kuinama, kama ambavyo ingelazimika kufanywa kazini.

Jumamosi ya tarehe 30 Julai 1966, ndege mbili za M-21 zilikuwa pamoja juu ya Pasifiki, nje ya pwani ya California. Ya mbele, namba 60-6941, ilibeba droni. Rubani wake alikuwa Bill Park, na nyuma yake aliketi Ray Torick, wote wafanyakazi wa Lockheed. Ya pili iliifuata kando ili kupiga filamu, nayo ilikuwa 60-6940, hii iliyoko Seattle.

Torick aliachia. Injini ya droni ikapoteza pumzi, droni ikaegemea upande na kurudi chini, ikampiga mama mgongoni. Pua ya mama ikainuka ghafla, na hewa ya kasi ile ikaikata ndege vipande viwili. Kamera ya ndege pacha iliyanasa yote hayo, na filamu ipo hadi leo, ya sekunde chache tu. Sehemu ya mbele, yenye watu wawili ndani, ilianguka ikibiringika. Wote wawili walifaulu kujirusha nje na kushuka kwa parachuti hadi baharini, jambo ambalo kwa kasi na kimo kile lingetosha kuitwa muujiza. Park aliokolewa. Torick hakuwahiwa. Maji yaliingia ndani ya vazi lake la kanieneo, lile lililotengenezwa kumlinda dhidi ya hewa nyembamba ya juu, naye akazama.

Mradi ulioanzishwa ili mtu yeyote asife kwa ajili ya picha ulikuwa umemuua mtu, tena kwao, mbali na adui yeyote. Kelly Johnson alikataa kuendelea kumrusha binti kutoka mgongoni mwa mama. M-21 iliyobaki ilikuwa na umri wa miaka michache tu, na haikupewa tena kazi hiyo.

Binti waliobaki walitafutiwa mbebaji mwingine, B-52, ndege kubwa ya mabomu iendayo polepole. Kwa kuwa yeye hakuweza kuwafikisha kwenye kasi yao, kila droni ilifungiwa roketi tumboni, ndefu kuliko droni yenyewe, ya kuisukuma kwa sekunde 87 hadi injini yake ipate pumzi. Hapa nako mikosi haikukoma. Septemba 1967 droni moja ilidondoka yenyewe kutoka bawani kwa sababu ya nati iliyoliwa nyuzi. Jaribio lililofanikiwa kikamilifu lilipatikana Juni 1968.

Lengo sasa lilikuwa China, iliyokuwa imelipua bomu lake la kwanza la nyuklia Oktoba 1964 katika jangwa la Lop Nor, mbali sana na pwani. Taiwan ilikuwa imewapeleka marubani wake huko kwa U-2, na ndege tano zikaangushwa. Droni ilionekana kuwa ndiyo tiba. Kati ya Novemba 1969 na Machi 1971 zilitumwa nne.

Ya kwanza ilivuka China, ikapita mahali pa kugeukia, ikaendelea kunyoosha kaskazini-magharibi hadi ndani ya Urusi ya Kisovieti ilikokwishiwa mafuta. Ya pili ilirudi vizuri, ikaachia sanduku, parachuti ikashindwa kufanya kazi yake, na picha zote zikaingia baharini. Sanduku la tatu lilishuka kwa parachuti iliyoharibika, Hercules ikashindwa kulinasa, na meli ya kivita ilipojaribu kuliokota likazama. Ya nne ilipotea ndani ya China yenyewe. Safari nne, wala hakuna hata picha moja iliyofika mezani.

Julai 1971 mradi ukafungwa. Mwezi mmoja kabla yake Marekani ilikuwa imerusha setilaiti mpya kubwa ya kupiga picha, na Rais Richard Nixon alikuwa akijiandaa kuizuru Beijing, ziara aliyoifanya Februari iliyofuata. Zilikuwa zimejengwa droni 38, zimerushwa 21. Kumi na saba zilizosalia zilifungwa na kupelekwa kwenye maegesho ya ndege za kale ya Davis-Monthan katika jangwa la Arizona. Huko wapenzi wa ndege waliziona kutoka nje ya ua, wakashangaa ni vitu gani.

Wasovieti walikuwa na jibu lao. Mabaki ya ile droni ya kwanza yaliokotwa na kupelekwa kwa wahandisi wa Tupolev, wakachora ya kwao na kuiita Voron, yaani kunguru, ambayo haikujengwa kamwe. Ben Rich, aliyerithi kiti cha Kelly Johnson, alisimulia katika kitabu chake kwamba mwaka 1986 mtu wa CIA aliingia ofisini mwake na kumwekea mezani kipande cha paneli nyeusi, akamwuliza kama anakijua. Rich alikitambua papo hapo. Kilikuwa kipande cha binti aliyepotea miaka 17 iliyopita. Na ile droni ya nne? Mabaki yake yako katika jumba la makumbusho ya ndege karibu na Beijing, yamekunjamana, lakini umbo bado linatambulika.

M-21 nayo ilifichwa Palmdale miaka mingi. Mwaka 1991 ikaletwa Seattle, kwenye jumba la makumbusho la Museum of Flight, jumba lenyewe likiwa limeanza na banda jekundu la mbao la mwaka 1909 ambamo William Boeing alianzisha kampuni yake. Ni jambo la kuheshimika kwamba ndege ya Lockheed ilipewa kitovu cha ukumbi katika mji wa mshindani wake. Hatua chache kutoka hapo kuna chumba cha rubani cha SR-71 kilichonusurika katika ajali ya mwaka 1968. Watoto wanaruhusiwa kuketi ndani na kugusa swichi.

Waliotayarisha maonyesho walimpandishia M-21 droni halisi mgongoni, mahali palepale ilipokaa ilipokuwa ikiruka. Duniani kote hapa ndipo mahali pekee pa kuwaona mama na binti pamoja. Ukisimama nyuma yao unaiona nafasi iliyopo baina ya mapezi na ncha za mabawa ya droni, na inakuwa rahisi kufahamu kwa nini watu wazima waliobobea katika kazi yao walikosa usingizi kwa ajili yake.

Wageni wengi hutembea chini ya bawa wakitazama juu, kwenye droni. Lakini kuna kitu kingine cha kutazamwa. Mbele, nyuma ya kiti cha rubani, kuna dirisha dogo la kiti cha pili, kiti ambacho A-12 ya kawaida haikuwa nacho. Tarehe 30 Julai 1966, katika kiti hicho cha ndege hii, alikaa mfanyakazi mwenza wa Torick akiwa na kamera mikononi, kando kidogo ya ndege pacha, akisubiri droni inyanyuke.